Chuo nimepata, kozi niliyoitaka bado: majibu kwa waliomaliza fomu siksi

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu mwezi wa saba, simu yangu hapa Dodoma haipumziki, na wengi wanauliza kitu kimoja ila kila mtu kwa namna yake. Kwa hiyo leo nimechukua machache nayajibu hapa hapa, wengine mtajiona humo humo.

"Habari kaka, nimesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), ninaishi Manyoni. Nataka udaktari tu. Pointi zangu sio mbaya ila sio za kutisha, marafiki wananiambia nijaze MD (digrii ya udaktari) kwenye vyuo vyote na kozi zote. Nifanyeje?"

Mdogo wangu usifanye hivyo. Naelewa moyo wako uko wapi, na udaktari ni kitu kizuri sana kutamani, nchi hii bado ina wilaya ambazo mgonjwa anasafirishwa mbali ili akaonane na daktari. Lakini fikiria udahili unavyokwenda. Chuo kina nafasi kadhaa za MD, wanaomba watu wengi kuliko hizo nafasi, wenye sifa wanapangwa kwa ufaulu kuanzia juu kushuka chini na zikijaa zimejaa. Kwa hiyo kutimiza kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hakukupi nafasi, kunakupa ruhusa ya kuingia kwenye foleni tu, na watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili halafu wanalia mwezi wa tisa.

Mwongozo huo unapatikana bure kwenye tovuti ya TCU, na kila kozi imeandikwa sifa zake pamoja na idadi ya wanafunzi itakaochukua. Ile idadi isome! Watu wanaruka moja kwa moja kwenye sifa, idadi hawaiangalii, wakati ndiyo inayokuambia foleni ni ndefu kiasi gani. Hesabu pointi zako pia, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kisha angalia masomo ambayo kozi inayadai na alama zake moja moja, maana unaweza kuwa na jumla nzuri lakini fizikia ikakuangusha.

Sasa kujaza. Vyuo vingi vinakuruhusu kuweka kozi kadhaa kwa mpangilio. MD weka ya kwanza, kabisa, kwenye vyuo viwili vitatu, na usiangalie Muhimbili peke yake, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanafundisha udaktari hapa hapa, Bugando wapo, KCMC wapo. Ila zinazofuata weka kozi ambazo ukiambiwa kesho ndiyo maisha yako hutazimia. Uuguzi wa digrii, famasi, maabara. Jiulize kwa kila moja, nikiamka saa kumi na moja asubuhi kwenda kuifanya hii kazi nitakuwa sawa? Kama jibu ni hapana, itoe, mwachie mtu anayeitaka.

Na kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau bila sababu, diploma ya tiba ya kliniki. Miaka mitatu, unatoka unatibu watu, halafu ukiwa na GPA (wastani wa ufaulu wako chuoni) nzuri unaomba MD kama mwenye sifa linganishi, yaani unaingia kwa diploma badala ya fomu siksi. Ni ndefu ndiyo, lakini MD yenyewe ni miaka mitano na mmoja wa intanship, kwenye hii fani hakuna aliyefika haraka.

"Shikamoo. Nimechaguliwa vyuo viwili. Dodoma nimepata software engineering ndiyo niliyoitaka, na Dar nimepata chuo chenye jina kubwa ila kozi ya takwimu. Baba anasema niende Dar halafu nitahamia kozi ya kompyuta nikishafika."

Marahaba. Kama unaitaka kompyuta njoo Dodoma, na mzee umweleze kwa heshima kwanini, sio kwa kubishana.

Kuhama kupo, sikatai, ndani ya chuo na hata kati ya chuo na chuo, dirisha linafunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Lakini mpaka uhame lazima uwe na sifa za kozi unayoiendea NA iwe na nafasi, na kozi za kompyuta ndizo zile zile ambazo kila mtu anataka kuhamia, sasa nafasi itatoka wapi? Kama pointi zako zilikuwa hazitoshi kuingia mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja hazitakuwa zimeongezeka. Nimeona vijana wameingia chuo na moyo wao uko kozi ya jirani, wanasubiri kuhama, hawasomi vizuri, semista inaisha wana sapu tatu (mitihani ya kurudia) na kuhama hawajahama, na wengine wanadisko kabisa, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, kwenye kozi ambayo wangeimudu kama wangeingia wakiwa wameikubali. Inaniuma kila mwaka.

Jina la chuo lina uzito, sitakudanganya. Lakini uzito wa kuandika programu inayofanya kazi ukaionyesha kwa mtu ni mkubwa zaidi kwenye hiyo fani yenu, na UDOM wana ndaki nzima ya mambo hayo, CIVE. Swali la kumuuliza mzee ni moja tu, "Baba, wakikataa nisihame, utafurahi mimi kuwa mtakwimu miaka yote?" Akisema ndiyo na wewe ukajisikia ndiyo, basi nenda Dar kwa amani, takwimu ni fani nzuri yenye kazi. Kama hapana, mmeshapata jibu wote wawili.

"Kukonfemu ni lazima? Nimepata vyuo vitatu nataka nisubiri awamu ya pili kwanza nione."

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, kwa ile namba ya siri inayokuja kwa SMS au imeili, na kuna tarehe ya mwisho. Ukikaa kimya nafasi zote zinaweza kukuponyoka, na awamu ya pili inajaza kilichobaki, sio kilicho bora. Na namba hiyo usimpe mtu wa steshenari akufanyie halafu ukaondoka, kaa hapo hapo uone kwa macho yako.

"Mimi ni mama, niko Kondoa. Binti yangu hajapata kozi anayoitaka, anataka kurudia mtihani. Nimruhusu au aende hiyo aliyopata?"

Mama, kwanza muulize ni alama gani anataka kuibadilisha na atafanya nini tofauti na mwanzo. Kama kuna somo moja limemwangusha na sababu inajulikana, aliugua, au shule ilikaa bila mwalimu wa somo hilo, kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kuna maana. Mtihani uko mwezi wa tano, kwa hiyo ni mwaka mzima, anahitaji sehemu ya kusomea kweli, na kwa masomo ya sayansi anahitaji maabara, hapo ndipo wengi wanaokaa nyumbani wanakwama. Kama jibu lake ni "nitasoma zaidi tu", mama naomba umshauri aende. Na kama kaumia mpe wiki mbili za kuumia, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

"Mkopo nao? Nikibadilisha chuo Bodi ya Mikopo watanifuata?"

Maombi ya mkopo yanakwenda kwa jina lako na namba yako ya fomu foo, sio kwa chuo, kwa hiyo usisubiri mpaka ujue umechaguliwa wapi, dirisha likifunguliwa omba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, na kama mzazi alifariki cheti cha kifo nacho hivyo hivyo, haya ndiyo yanayokwamisha watoto wengi wa vijijini kuliko pointi. Hela ya chakula na malazi ilipanda 2022/23 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini sio kila mtu anapewa asilimia mia, na bumu (hiyo hela ya mkopo) likichelewa unakula nini? Kwahiyo mtu wa Bahi au Chamwino aliyepata kozi ile ile Dodoma na Mwanza, mimi namwambia Dodoma, gunia la mahindi linafika kwa basi la asubuhi na mama anaweza kuja kukuona.

"Nina diploma, GPA 3.2, naomba digrii, nimeambiwa nina tatizo la AVN."

Hiyo ni namba ya uhakiki wa tuzo yako, unaiomba NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwenye mfumo wao, na bila hiyo maombi yako chuoni hayaendi mbele hata kama GPA inatosha. Kama matokeo yako hayaonekani kwenye mfumo anayetakiwa kuyapeleka ni chuo ulichosoma, kwa hiyo nenda mwenyewe ofisi ya taaluma, usipige simu tu, nenda kesho asubuhi na cheti chako mkononi.