Chama Kikipasuka, Kila Dai Lipe Mwenyewe

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia. Chama chake kimepasuka, tawi lina wenyeviti wawili, naye ametwikwa kazi ya kuweka kumbukumbu. Amsikilize nani? Mwanangu, umekuja kwa mwenyewe. Mimi niliandika mpasuko wa FORD, chama cha upinzani cha Kenya, na, niseme bila haya, wazee wa pande zote mbili walisoma wakanuna sawasawa.

FORD ilizaliwa 1991, ikapasuka kabla ya kuonja uchaguzi. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walikuwa Agip House. Kenneth Matiba na Martin Shikuku, Muthithi House. Moja ya yaliyowagombanisha: mgombea urais achaguliwe na wajumbe au na wanachama wote? Nikaziita pande hizo kwa majengo yao, mpaka zilipokuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Mzee mmoja wa Majengo akasukuma kikombe chake cha kahawa: "Mbona hukuwaita waasi? Umelipwa ngapi?" Na maneno yake nilikuwa nimeyanukuu yote, na tarehe juu! Hata nauli ya matatu nilitoa mfukoni mwangu. Wallahi bado naumia.

Kwa hiyo kila dai lipe mwenyewe, yaani mtaje aliyelisema. Taarifa ya chama ni ushahidi kwamba chama kilisema hivyo, basi. Wala usidhani asiyekuwa upande wowote hana lake: Kenya Leo lilikuwa gazeti la KANU, chama kilichokuwa kikitawala, na KANU haikuwa na sababu ya kuusikitikia ugomvi ule.

Husemwa mpasuko ndio uliompa Rais Moi wa KANU ushindi wa Desemba 1992. Moi alipata asilimia 36 hivi, Matiba 26, Jaramogi 17. Jumlisha hao wawili, wamempita. Hiyo ni hesabu, iandike. Lakini kwamba wafuasi wa Matiba wangempigia Jaramogi, hayo ni maoni, mtaje aliyeyatoa. Kila dai lipe mwenyewe, narudia, maana vijana mnapenda njia ya mkato, mnaokota ujumbe wa WhatsApp mnauita historia.

Leo kuna Msajili wa Vyama na jopo la mizozo ya vyama. Karatasi zao zitakwambia nani anatambulika kisheria. Nani alimsaliti nani, hazitakwambia. Anza na barua ya kuitisha ule mkutano uliovunjika: nani alitia saini, akidi ilitimia? Kisha waulize wenyeviti wote wawili maswali yale yale. Na wakikupa tisheti na leso za mama, rudisha.