Sukari niliifungia kabatini

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwenzi wako akigundulika na ugonjwa wa kudumu, unaanzia wapi kumsaidia? Mimi nilianzia pabaya, ndiyo maana naandika.

Mke wangu anauza nafaka Soko la Majengo hapa Dodoma. Mimi ni fundi seremala, tunaishi Chang'ombe. Mwaka jana mwezi wa tisa alianza kunywa maji bila kukata kiu, usiku anaamka kwenda chooni mara nne, mara tano, na magauni yakaanza kumpwaya. Tukasingizia joto. Alipopimwa asubuhi, hajanywa hata chai, sukari ya damu ilisoma 22, wakati mtu mwenye afya kwa saa hizo huwa chini ya 6. Kumbe ni kisukari. Siku hiyohiyo akaanzishiwa insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, sindano asubuhi na jioni.

Siku zile nilijiona mume wa mfano. Sukari nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni. Akirudi sokoni tu, hata kanga hajaikunja, namuuliza, "Umekula nini?" Akinyoosha mkono kwenye bakuli la zabibu namkazia macho. Jioni moja akaniambia taratibu, "Baba, nimeumwa, sijaiba." Nikaona anadeka.

Wiki ya tatu kukawa na msiba kwa jirani. Alijichoma sindano yake ya jioni, akaenda kusaidia wenzake jikoni, chakula kikagawiwa mpaka kikaisha yeye hajaonja. Akarudi hoi, akalala. Saa nane usiku nikashtuka: shuka limelowa chepechepe, jasho lake la baridi, na anaongea maneno yasiyoshikana. Nikamtoboa kidole kwa mwanga wa simu. Mashine ikaandika 2.9. Nesi alishatuambia, ikishuka chini ya 4 apewe sukari hapohapo. Sukari iko kabatini. Ufunguo uko kwenye suruali ya kazi, na suruali sikumbuki nimeivulia wapi. Nikachukua nyundo nikavunja mlango wa kabati nililolitengeneza kwa mikono yangu. Vijiko vinne vya chai kwenye maji, nikamwegemeza kifuani akanywa kidogokidogo. Dakika 15 baadaye nikapima tena: 4.7. Nikampa kiporo cha ugali na maziwa. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Wasomaji mnisikie hapa: huyo wangu alikuwa bado anameza. Mtu akishapoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kliniki iliyofuata nilifunga karakana tukaenda wote, nikakaa kimya akaeleza mwenyewe. Nilimsikia akimwambia nesi mambo ambayo mimi hakuwahi kuniambia: kwamba vidole vya miguu vinamchoma kama upupu, kwamba anaogopa kujidunga mbele ya watoto. Nesi naye akatusahihisha. Huku kwetu tunaamini ugali wa uwele au wa mtama hauna sukari, mgonjwa ale anavyotaka. Si kweli, una wanga unaogeuka sukari mwilini, na kinachoamua ni ukubwa wa bonge. Zabibu nazo hazikukatazwa: chache, si bakuli. Basi nyumba nzima sasa tunakula ugali wa kiasi cha ngumi, sahani tunaijaza mlenda na maharage, watoto na mimi vilevile. Zile wiki za mwanzo alikuwa anapikiwa sufuria yake, anakula peke yake pembeni kama mgeni asiyealikwa. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko lile kabati.

Friji hatuna, na joto la Oktoba la hapa mnalijua. Nesi alituelekeza kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, tunaumwagia maji asubuhi na jioni, juu tunafunika kitambaa kibichi. Insulini inakaa kwenye kopo lililofungwa vizuri, maji yasiingie. Kwa hewa kavu ya Dodoma maji hukauka upesi, na yanapokauka yanaondoka na joto. Nimekichongea kigoda, kinakaa kivulini panapopita upepo. Chupa ikifunguliwa anaandika tarehe juu yake, zikipita wiki nne haitumii tena.

Mama mkwe alikuja kutoka Mvumi na magome ya kuchemsha, akasisitiza sindano ziachwe. Nilitaka kujibu. Mke wangu akanitangulia, akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru mama yake, kisha akamwambia kwa upole kwamba sindano haachi. Nafurahi nilinyamaza.

Siku hizi akirudi namuuliza, "Umekula?" Akitaka kunieleza alichokula, ananieleza. Kwenye mkoba wake kuna kichupa cha sukari, kingine kiko karibu na kitanda. Mlango wa kabati bado sijaurudisha, na ananisumbua kwamba wageni wanaona vyombo. Nitaurudisha Jumapili hii, ila kufuli siweki.