Mninga au mkongo kwa milango? Tazama ile nyeupe kwanza

Mkuu, umeuliza uweke mninga au mkongo kwenye milango tisa ya nyumba yako, na utaujuaje mninga wa kuchakachua. Mimi ni seremala, mwaka wa kumi na tisa huu nashika randa, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyonipata.

Mlango wa mbele weka mkongo. Ni mgumu, mzito, mvua na mchwa hauviogopi. Watu wa Lamu na Mombasa wanauita mbambakofi, na milango mingi ya kuchonga unayoiona kwao imetokana na mti huu. Ila mwambie fundi afunge bawaba nne, na usishangae akidai ufundi zaidi, maana mkongo unamaliza meno ya msumeno.

Vyumbani weka mninga. Watu wanausifia rangi, mimi nausifia utulivu wake: ukishakauka haujipindi, na masika haukabi kwenye fremu. Tena ni mwepesi. Mita ya ujazo ya mninga mkavu ni kama kilo 600 na kitu, mkongo unaweza kupita 800. Ukiinua ubao wa "mninga" ukakuelemea kama mkongo, uliza maswali.

Sasa kilichonifunza adabu. Ubao wa mninga una sehemu mbili: moyo wa kahawia, na nyeupe ya nje karibu na gome. Moyo wadudu hawauwezi. Nyeupe ni ugali wa bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga. Mwaka 2013 nilipata mbao za bei nzuri mno, karibu kila moja ina ukanda mweupe wa vidole viwili. Nikaipaka ile nyeupe rangi ifanane na moyo (mafundi wengi tunafanya hivyo, tusidanganyane), nikapiga vanishi, mteja akashukuru. Mwezi wa saba simu ikaita: "Fundi, njoo uone, chini ya milango kuna unga kama wa muhogo." Nilibadilisha mbao za pembeni za milango minne kwa hela yangu. Siku hizi nyeupe yote naikata, hata ubao ukibaki mwembamba.

Kwa hiyo ukienda kwa muuzaji usiridhike na uso wa ubao. Angalia kichwa chake, pale msumeno ulipokata, halafu omba ukwangue pembeni kwa kisu. Mbao iliyopakwa inakuwa kahawia juu, ndani imepauka. Na kama imelowa, nunua mapema uipange kivulini na vijiti katikati ipitishe hewa. Ukiiharakisha juani itapasuka vichwa, halafu utamlaumu fundi.

Kuhusu bei ya mninga kuwa kubwa, kuna wanaosema ni tamaa ya wafanyabiashara. Sehemu ni kweli. Lakini mninga haulimwi kama msaji (mtiki) wa mashamba ya miti ya Longuza na Mtibwa. Unatoka msitu wa asili, miombo ya Tabora, Katavi na kwingineko. Mche wake una vituko: kiangazi shina linakufa, mizizi inabaki, mvua zikija linachipua tena, na mchezo huo unaweza kwenda miaka kadhaa kabla haujaanza kurefuka. Niliwahi kuokota matunda yake kule Sikonge, yale ya duara kama chapati ndogo yenye miiba katikati, nikapanda nyuma ya karakana. Hakuna hata mmoja uliovuka kiangazi cha pili.

Vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Mwenye pumu asikae karibu siku ya kupiga msasa.

Mwisho, kama unaagiza mzigo toka mkoani, hakikisha una hati ya kusafirishia mazao ya misitu na mbao zimegongwa nyundo ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Gari likizuiwa njiani bila hivyo, mbao zinabaki kizuizini na wewe unabaki na fremu tupu.