Panya kwenye ghala na banda: anza kabla mavuno hayajaingia

Mvua za Dodoma huishia mwezi Aprili, na baada ya hapo mtama, uwele, alizeti na karanga huanza kuingia nyumbani. Panya nao hufuata njia hiyo hiyo. Shamba likiwa bado la kijani lina chakula na maficho ya kuwatosha. Mabua yakishakatwa na ardhi ikikauka, hukimbilia ghalani, kwenye banda la kuku na jikoni. Ndiyo maana nawashauri wakulima wenzangu wa mkoa huu wasingoje kuona gunia lililotobolewa ndipo waende dukani kuulizia sumu. Ghala likiwa tupu, panya aliyebaki humo ana njaa na atakula chambo utakachomwekea, lakini panya anayelala juu ya magunia ya mtama hana sababu ya kukigusa. Kwa uzoefu wangu, wakati wa kuweka chambo na mahali pa kukiweka vina uzito kuliko ukali wa sumu yenyewe.

Kwanza ujue unapambana na nani. Panya shamba, mwenye rangi ya kahawia, huzaa kwa wingi kuliko wote, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja baada ya mimba ya takriban wiki tatu. Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili wake na ni hodari wa kupanda, kwa hiyo utamkuta kwenye kenchi na, katika nyumba za tembe, ndani ya paa lenyewe la fito na udongo. Yupo pia yule mdogo wa nyumbani, ambaye hupenya tundu la milimita 6 na anaweza kuishi kwa nafaka kavu tu. Usipokuwa na hakika wanapita wapi, nyunyiza majivu membamba kandokando ya ukuta jioni, kisha uangalie nyayo asubuhi. Mahali wanapopita kila siku ukuta huwa na alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yao, na hapo ndipo mtego unapotakiwa kukaa.

Kabla ya mtego, ziba matundu. Simenti iliyochanganywa na vipande vya wavu wa chuma hudumu, lakini udongo mtupu hutobolewa usiku mmoja. Waya wa kuku wa kawaida haumzuii panya, kwa kuwa matundu yake ni makubwa. Mlango wa mbao upigiliwe bati upande wa chini. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kufagia, na mashudu ya alizeti na pumba vihifadhiwe kwenye pipa lenye mfuniko. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu waharibifu vizuri sana, lakini meno ya panya huitoboa, na mfuko uliotobolewa haukingi tena chochote. Mwenye kihenge akiinue kama mita moja kutoka ardhini na avalishe kila mguu kinga ya bati yenye umbo la faneli iliyopinduliwa. Ni gharama, naelewa, lakini hulipwa mara moja.

Wakati wa kiangazi panya wa darini huhangaikia maji kuliko chakula. Kuku hawanywi usiku, hivyo mwaga maji ya vyombo vyao jioni na uvijaze tena alfajiri.

Kwa panya wachache, mtego unatosha, na ndio ninaoupendelea ndani ya ghala kwa sababu hauachi sumu karibu na chakula wala mzoga unaooza mahali usipoonekana. Mtego wa kubana uwekwe ukitazamana na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hukimbia akiugusa ukuta kwa ndevu zake na mara chache hukatiza katikati ya chumba. Panya wa darini ni mwoga wa kitu kigeni. Kwa hiyo weka mitego ikiwa na chambo lakini bila kuitega kwa siku kadhaa, mpaka uone chambo kinaliwa, kisha uitege yote usiku mmoja. Karanga iliyosagwa hufaa kuliko kipande cha ugali, kwa kuwa hunata na panya hawezi kuichukua na kukimbia nayo. Kwenye ghala lililojaa nafaka, dagaa huwavuta zaidi kwa sababu ni ladha wasiyoipata humo. Tega mingi kwa pamoja. Mtego mmoja katika ghala zima hauwezi kushindana na kasi yao ya kuzaliana.

Wakizidi uwezo wa mitego, ndipo chambo chenye sumu kinahitajika. Chagua sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni, kwa sababu panya hufa siku kadhaa baada ya kula, na wenzake hawahusishi kifo hicho na chambo. Fosfaidi ya zinki huua haraka, lakini panya aliyekula kidogo akapona hatarudi kuila, na haina dawa mahususi ya kuitibu. Hiyo isiingizwe kabisa kwenye majengo ya kuhifadhia chakula. Unga au kimiminika kisicho na lebo kinachouzwa minadani usikinunue. Hujui ni kitu gani, na mtoto akikila, daktari naye hatajua aanzie wapi. Nunua bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na utunze pakiti yake, kwa sababu sumu za kuzuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1 endapo mgonjwa au mnyama atawahishwa.

Chambo kisiachwe wazi. Kata bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa nusu mita, ulifunge kwa waya kando ya ukuta wa nje, kisha funga kitonge cha chambo katikati yake ili panya ale humo humo na asikibebe kukipeleka kwenye nafaka. Kuku hafiki katikati, ila mtoto anaweza kuingiza mkono, kwa hiyo eneo hilo liwe ndani ya uzio au mbali na wanapocheza. Kagua kila siku mwanzoni na ongeza kilicholiwa. Watu wengi huacha mapema, wakiona mizoga ya kwanza, na wale waliosalia hujaza upya ghala kabla ya msimu kwisha. Endelea angalau wiki mbili, mpaka chambo kisiguswe, kisha ukiondoe chote.

Mizoga ikusanywe kila asubuhi kwa mkono uliovikwa glovu au mfuko wa plastiki, ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowanishe kwanza kwa maji yenye jiki, kwa kuwa panya hueneza magonjwa, ukiwemo ugonjwa wa leptospira unaotokana na mkojo wao. Paka akila panya mwenye sumu hudhurika, na bundi vilevile. Wapo wanaomuua bundi kwa kumhofia kuwa ni wa uchawi, nami nawaomba wamwache, kwa sababu chakula chake kikuu ni panya hao hao. Na kama majirani wana maghala karibu na lako, kubalianeni muanze kuweka chambo katika wiki ile ile, kwani ukifanya peke yako, panya wa upande wa pili watahamia kwenye nafasi uliyoiacha wazi.