Kopo limesema bila sukari, mbona mashine imesoma 13.8?

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 63, na sukari yake iligundulika mwaka jana. Anatumia vidonge vya metfomini, na chai ameshazoea kuinywa bila sukari. Shida ni vitafunio. Wajukuu wakila kaimati yeye anatazama, kisha anainuka anakwenda kukaa barazani peke yake. Juzi nikamnunulia dukani biskuti za kopo lililoandikwa "bila sukari", shilingi 14,000. Alifurahi sana, akala sita. Kabla ya kula mashine ya kupimia sukari ya damu ilisoma 7.2, baada ya saa mbili ikasoma 13.8. Maandishi ya nyuma ya kopo nimekunakilia: unga wa ngano, mafuta ya mawese, maltitoli, wanga gramu 68 katika kila gramu 100, biskuti moja ina gramu 9. Mama anasema tuachane na vya dukani, turudi kwenye asali na tende kwa kuwa ni vitu vya asili. Sikukuu ya Idi iko karibu. Nimpikie nini?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa baba kuinuka akaenda barazani nimepasoma mara tatu. Mimi nina sukari tangu 2011, na mwaka ule wa kwanza kila sahani ya visheti ilipotua mkekani nilikuwa nakwenda jikoni kuosha vyombo. Hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo swali lako nalijibu kama la kwangu.

Kwanza nikupongeze kwa kupima kabla na baada. Usingepima, lile kopo lingekuwa rafiki wa nyumba yenu mpaka leo.

Sasa tulifanyie hesabu. Biskuti sita ni gramu 54. Ukitia wanga wa 68 kwa 100, baba alikula karibu gramu 37 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni kama vijiko tisa. Ni kweli sukari haikutiwa, lakini unga wa ngano ukishafika tumboni unavunjwa kuwa glukosi, na damu haiulizi glukosi imetoka kwenye bakuli la sukari au kwenye unga. Maltitoli nayo ni jamii ya vitamu vinavyopandisha sukari kidogo kuliko sukari yenyewe, ila inapandisha. Na mtu akila nyingi tumbo linajaa gesi na kuharisha. Ukiwa dukani itafute pia kwa namba yake, E965. Mimi siku hizi maandishi makubwa ya mbele siyasomi. Nageuza kopo, natafuta neno wanga, natazama na idadi ya biskuti ninazoweza kujizuia nazo.

Mama yako mweleze kwa upole, maana anasema kwa mapenzi. Asali ni sukari. Tena kijiko cha chai cha asali ni kizito kuliko cha sukari, kina karibu gramu 6 za sukari mahali ambapo kijiko cha sukari kina 4. Sukari guru vilevile. Tende zina nyuzinyuzi na mimi nafuturu kwa tende, lakini naihesabu: tende tatu ndogo zinakaribia vijiko vinne vya sukari. Baba akitaka tende, ale moja, na ihesabiwe kama chakula.

Tuje jikoni. Wengi huanza kwa kutaka kashata bila sukari, na wanakata tamaa, kwa sababu kinachoishika kashata ikakatika vipande ni ile sukari iliyoyeyuka. Ukiitoa unabaki na nazi iliyotawanyika kwenye sinia. Nilimwaga mara mbili kabla sijatambua kwamba kazi ya kushika inaweza kufanywa na mafuta. Ikune nazi iliyokomaa kwa mbuzi, usiikamue tui. Chukua kikombe kimoja na nusu, ikaange kavu kwenye kikaango, moto mdogo kabisa, ukigeuza bila kuondoka. Mwanzo inatoa mvuke na kunuka kama nazi mbichi. Subiri mvuke uishe, rangi iwe ya majani makavu na mkono usikie nyepesi. Hapo epua upesi, maana kutoka hapo mpaka kuungua ni dakika moja. Changanya na nusu kikombe cha siagi ya karanga ambayo haikutiwa sukari (soma kopo, nyingi zimetiwa), iliki ya kutwanga, na chumvi ya kuokota kwa vidole viwili. Chumvi usiiache, ndiyo inayoamsha utamu wa karanga. Viringa vidonge 16, weka kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo vikitoka kwenye friji vinauma vizuri, na kwa joto la Tanga vikikaa mezani nusu saa vinalegea. Toa vichache vichache. Kidonge kimoja hakifiki gramu 3 za wanga. Mafuta lakini ni mengi, vitatu vinatosha.

Cha pili ni kastadi ya mayai. Mayai matatu, vikombe viwili vya maziwa, iliki, kungumanga ya kukwaruza juu. Piga taratibu usifanye povu, chuja, gawa kwenye bakuli nne, pika kwa mvuke kwenye sufuria yenye maji yanayochemka kidogo tu, kitambaa chini ya mfuniko ili matone yasidondokee. Kila bakuli litakuwa na gramu 6 hivi za sukari ya maziwa yenyewe. Ukitaka iwe tamu zaidi tia stevia, kitamu kinachotoka kwenye majani, ambayo inavumilia moto. Aspatemu, kitamu kingine cha dukani, usipikie, utamu wake unapotea kwenye joto. Na stevia nunua iliyo peke yake: pakiti nyingine zimechanganywa na dekstrosi au maltodekstrini, na hivyo vyote vinapandisha. Usizidishe, itaacha uchungu ulimini.

Kaimati sitakudanganya. Kaimati ya ngano isiyo na wanga haipo. Siku ya Idi, pika kama kawaida, zitoe kavu, na shira iweke kwenye bakuli lake. Watoto wachovye. Baba apewe mbili kavu baada ya chakula, na wali kwenye sahani yake upunguzwe. Pima baada ya saa mbili. Wengi wetu huambiwa tubaki chini ya 10, lakini kiwango cha baba ni kile alichopewa kliniki. Ikizidi, mara nyingine ni moja. Vile vidonge vya nazi na kastadi viweke kwenye sinia la wote, usimtengee baba kisahani chake pembeni.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, anachoma insulini. Nimempelekea mwalimu wake pipi zisizo na sukari azihifadhi kwenye droo, sukari ya mtoto ikishuka darasani ampe. Je, nimefanya sawa?
Mama, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kesho asubuhi nenda kazitoe zile pipi. Sukari ikishuka, mtoto anatoka jasho, anatetemeka, anaduwaa, na kinachomwokoa ni sukari yenyewe. Pipi isiyo na sukari itamridhisha mwalimu kwamba amesaidia, na mtoto ataendelea kushuka. Soda isiyo na sukari ni hivyohivyo. Na chokoleti au karanga si za wakati huo, mafuta yake yanachelewesha.

Kwenye droo weka glukosi ya unga, au sukari ya kawaida kwenye kikopo chenye kijiko, na chupa ya maji. Mtu mzima hupewa vijiko vinne vya chai, gramu 15 hivi, lakini kwa mtoto hukadiriwa kwa uzito, kwa hiyo uliza kliniki kiasi cha wako, ukiandike kwa kalamu nzito ubandike juu ya kikopo. Apimwe baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4, arudiwe. Akipoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, alazwe kwa ubavu, akimbizwe hospitali. Mwonyeshe mwalimu mwenyewe, na mwalimu wa zamu pia, na yule rafiki anayekaa naye dawati moja.