Umeokoka, na gorogoro lako lilikuwa limebonyezwa: unarudishaje?

Ndugu anayeuza nafaka Nyamakima, Nairobi, ameuliza: ameokoka, lakini kwa miaka amepimia watu kwa gorogoro, lile kopo la kupimia kilo mbili, lililobonyezwa kitako ili libebe kidogo. Je, toba inatosha, ama ni lazima arudishe?

Ndugu, msamaha umeshaupata, usiyumbishwe. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, aliitwa ashuke mtini, Yesu akaingia kwake, ndipo akataja kurudisha. Hata amri ya vipimo vya haki, Walawi 19:36, inamalizia kwa Mungu kujitaja kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Walishatolewa ndipo wakaambiwa wapime sawa. Ukirudisha ili ununue msamaha utachoka njiani, maana hutajua deni linaisha lini.

Sasa hesabu. Gunia la kilo 90 hutoa magorogoro 45 ya kilo mbili. Kibonyeo kikila gramu 200, gunia lilo hilo linatoa 50. Hayo matano ni ya wateja. Walawi 6:5 inataka urudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, kwa hiyo matano yanakuwa sita kwa kila gunia. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu, kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1, ila hakuna aliyemlazimisha. Usiweke nadhiri itakayokushinda.

Anza na unaowajua, kama mama wa kibanda anayenunua kwako kila wiki. Zungumza naye faraghani, ukiri kosa lako tu. Ya majirani wa sokoni yaache. Ukimtumia pesa kwa simu bila maelezo atadhani zimepotea njia. Mtaji usipotosha, lipa kidogo kidogo kwa tarehe mliyokubaliana.

Wengi hukosea hapa: pesa yote wanaipeleka kanisani kama sadaka, na mama aliyepunjwa hapati kitu. Hesabu 5:8 inampa kuhani pale tu aliyedhulumiwa anapokosa hata jamaa wa kupokea. Wapita njia usiowajua, fungu lao wape maskini, kama Zakayo alivyotoa nusu ya mali yake.

Gorogoro lenyewe liponde kabisa, usimpe mwingine. Tafuta mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, uuze kwa kilo. Bei yako itaonekana ghali kando ya jirani, kwa hiyo iandike kwenye kibao, na mizani ielekee mteja ausome mshale mwenyewe.