Nilizaliwa Vanga, wadogo zangu Tanga: nijibu nini Uhamiaji?

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mabawa hapa Tanga, nimemaliza kidato cha sita na matokeo yangu ni mazuri. Marehemu baba alikuwa Mdigo wa Moa, upande huu wa Tanzania, kibarua wa bandarini. Mama ni Mdigo wa Vanga, upande wa Kenya. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo mama alirudi kwao kujifungua, nikazaliwa nyumbani kwa bibi. Wadogo zangu wawili wamezaliwa hospitali ya Bombo hapa Tanga na vyeti vyao vipo. Mimi sina cheti, na mama hana kibali chochote. Aliingia kama mke wa mtu, akakaa, mpaka leo anauza vitumbua hapo nje. Nilipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa, afisa wa Uhamiaji aliniuliza kwao mama ni wapi. Nikaona nikijibu nimemuuza mama yangu. Nikasema nimesahau karatasi nyumbani, nikaondoka, na huu ni mwezi wa nne sijarudi. Maombi ya mkopo wa chuo yanataka namba ya kitambulisho na uthibitisho wa kuzaliwa. Kuna kaka mmoja mtaani anasema nikimpa laki na nusu atanitengenezea kiapo kwamba nilizaliwa Mabawa. Mama anataka nikubali. Nifanye nini?
Kijana wa Mabawa

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma barazani mchana, nikairudia usiku. Nianze na hiyo laki na nusu: usiitoe. Namwelewa mama yako, anataka usome, na mzazi aliyekata tamaa hushika chochote kilicho karibu. Lakini kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na wewe ndiye utakayekitia saini. Huyo kaka jina lake halitaonekana popote.

Tena nakwambia haya kwa uchungu wa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Aliletwa na SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mkonge, akapangiwa kambi upande wa Muheza, akawa manamba kama wenzake. Huko akamwoa mama yangu, Mbondei. Kaka yangu alipofaulu darasa la saba, mtu mmoja aliyemtakia mema akamshauri aandike jina la babu yetu mzaa mama, ili aonekane Mbondei mtupu na asisumbuliwe. Akaandika. Miaka ile hakuna aliyemuuliza, akasoma, akaajiriwa, tukasahau. Alipostaafu ndipo karatasi zilipoanza kugombana: cheti cha shule kina jina hili, maelezo ya kuzaliwa yana jina lile, na ndugu yake wa damu, yaani mimi, natumia jina la baba. Mafao yake yalikaa karibu miaka mitatu. Nilimsindikiza mara nyingi, mzee wa watu na bahasha kwapani, akieleza mbele ya vijana wadogo kwa nini alimkana baba yake akiwa na miaka kumi na minne. Mimi niliandika jina la baba kama lilivyo. Shuleni niliitwa mtoto wa manamba, na chuo cha ualimu walinitaka barua mbili zaidi ya wenzangu. Nilizipeleka, nikaingia darasani.

Sasa yako. Wewe huna haja ya kuzaliwa Mabawa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kuwa raia kwa kurithi, ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia wa Tanzania, mradi mzazi huyo naye asiwe ameupata uraia kwa kurithi hivyohivyo. Baba yako ni mzaliwa wa Moa. Kwa maelezo uliyonipa, anayekupa uraia ni yeye, na kazi yako ni kumthibitisha yeye. Huyo kaka wa mtaani anataka kukuuzia kitu ambacho baba yako alishakuachia bure, na kwa kukuandika mzaliwa wa Mabawa anakufutia njia ya kweli. Siku wakiitafuta hospitali, wadi na mkunga, utasema nini?

Kwa hiyo safari ya kwanza ni Moa. Nenda kwa baba zako wakubwa na wadogo, uliza kadi yake ya mpiga kura, cheti chake cha shule, kitambulisho chake kama alikuwa nacho, na karatasi zozote za babu. Omba barua ya serikali ya kijiji inayoeleza ukoo wenu, na mzee mmoja aliyekuwepo baba yako alipokuwa mdogo. Cheti cha ndoa ya wazazi wako kitafute kama dhahabu, maana ndicho kinachokufunga wewe na huyo baba. Na kifo chake je, mna cheti cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au mlibaki na kile kibali cha mazishi tu? Familia nyingi huishia kwenye kibali. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwa hiyo hili lisingoje.

Kuzaliwa kwako ni jambo la Kenya na litasajiliwa Kenya. Mjomba wako aanze kwa chifu wa Vanga, awe na kadi yako ya chanjo kama bibi aliitunza, ndipo usajili wa kuchelewa ufanyike huko Kwale. Ukipata cheti hicho usikione ni mkosi. Waombaji wa mkopo waliozaliwa nje ya nchi wanajulikana, na RITA huwapa barua ya kuthibitisha. Jambo moja ulinde: usikubali kuchukua kitambulisho cha Kenya ukiwa huko, hata ukiambiwa ni rahisi. Katiba yao ya mwaka 2010 inakuhesabu kuwa raia wao pia kwa sababu ya mama, lakini sheria yetu haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Umeshapita miaka 18, basi uliza mapema Uhamiaji utaratibu wa kuukana huo mwingine, usije ukakutwa nao baadaye.

Nimefika kwa mama, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Siwezi kukuahidi kwamba ukimtaja hakuna atakayemuuliza. Kuishi nchini bila kibali ni kosa, na afisa anayekuhoji anafanya kazi yake. Ndiyo maana sitaki urudi kwenye mahojiano kabla mama hajapata wa kumsemea. Nenda ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, uulizie wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni ya bure. Mama akae nao yeye mwenyewe, aseme yote tangu siku aliyovuka. Wakati huohuo atengeneze karatasi zake za Kenya, kitambulisho na pasipoti, kwa sababu hakuna kibali cha ukaazi kinachogongwa hewani.

Kuna jambo linaniuma kulisema, lakini mama alijue. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Akiwa hai. Baba yenu alipofariki mlango ule ulifungwa, na wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upo. Wanawake wangapi wa Vanga, Lunga Lunga na Shimoni wamo majumbani mwetu, waume zao wazima, na hawajui? Kama unasoma hapa na mkeo katoka ng'ambo, mpeleke mwezi huu. Mama wa huyu kijana amebakiwa na njia ndefu: kibali kwanza, kisha ukaazi wa miaka saba ndani ya kumi, na mwaka mzima mfululizo kabla ya kuomba. Aianze.

Na wewe usijione umemuuza. Mpaka huu wa Wadigo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba. Bibi zako wa pande zote mbili walikuwa wakizikana na kuozana kabla yake. Mama alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza kama mamake alivyofanya. Ukiulizwa, jibu hivyohivyo, kwa sauti yako ya kawaida.

Dirisha la mkopo la mwaka huu huenda likakupita. Likipita, omba chuo hivyohivyo, na kama ada haipatikani, subiri mwaka mmoja ukiwa na faili kamili. Faili hilo liwe la watoto watatu, kwa sababu wadogo zako nao wataulizwa kwao mama ni wapi watakapofika miaka 18, vyeti vya Bombo au la. Ukienda Moa mchukue aliye mkubwa kati yao, aandike kwenye daftari kila jina litakalotajwa na wazee. Na huyo kaka kama ameshashika vivuli vya vyeti vyako vya shule, vifuate kesho asubuhi.